Gogo la Muyingo Lililonyamaza

Katika kijiji cha Bulenge, upande wa Buddu, kulikuwa na miaka ambayo siku ilianza kwa sauti kabla ya kuanza kwa mwanga. Ilikuwa sauti ya nyundo za mti zikipiga juu ya gogo. Mtu aliyelala aliisikia ikija kupitia migomba yenye umande, kavu na tamu, pigo moja, kisha jingine, kisha la tatu, mpaka usingizi na sauti vikachanganyika na hujui kama umeamka au bado unaota. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ilikotoka sauti hiyo kwa miaka sita, nikienda na kurudi. Nimeamshwa na mengi katika miji mingi, honi, adhana, treni za mizigo, wapangaji wakigombana kwa lugha nne. Sikuwahi kuamshwa kwa upole kama ule.

Aliyepiga ni mwenye nyumba, Erukaana Muyingo, mtengenezaji wa nguo za magome. Baba yake alifanya kazi hiyo, na babu yake, na wote waliomtangulia ambao majina yao aliweza kuyataja kwa mfululizo bila kuvuta pumzi. Alikuwa mfupi, mwenye mabega yaliyoonekana kama ameyaazima kwa mtu mkubwa zaidi, na kiganja cha kulia kigumu kama kisigino. Hakuwa msemaji. Mkewe, Eseza, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na karibu yote ninayoyajua kuhusu habari hii nimeyapata kwake, tukimenya ndizi nyuma ya jiko.

Mvua zikianza, Muyingo alikwenda kwenye mitutuba yake, miti inayotoa magome ya nguo. Ilikuwa mingi, imepandwa kuzunguka shamba la migomba na kahawa, na kila mmoja aliujua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake. Aliukwangua mti ngozi ya juu, akachanja mstari mmoja kutoka juu hadi chini, akaliondoa gome taratibu likiwa zima, jeupe na lenye utomvu. Kisha aliuvika ule mti majani ya migomba na kuufunga, kama mtu anavyofunikwa asipatwe na baridi, na mwaka uliofuata ulikuwa umeota gome jingine. Gome lilibabuliwa kwa moto wa majani makavu, likapelekwa bandani, na hapo kazi yenyewe ikaanza: nyundo yenye mifereji mipana kwanza, halafu ya wastani, mwisho ile yenye mifereji myembamba kama nywele. Kipande chenye upana wa mlango kilitanuka mpaka kikafunika kitanda. Kilipoanikwa juani kilibadilika chenyewe, kutoka weupe wa maziwa hadi rangi ya udongo uliolowa. Ukipita jioni nyuma ya banda ulikuta nguo saba au nane zimetandazwa kwenye nyasi na kubanwa kwa mawe, na ilikuwa kama ardhi imevuliwa ngozi yake ya ndani ikawekwa nje ipumue.

Aliwahi kumwambia Eseza kwamba akipiga huwa anasali bila maneno, na kwamba pale gogoni hakumbuki kama ana mwili.

Muyingo na Eseza walikuwa watu waliookoka, wa ule ushirika unaokutana Alhamisi mchana katika jengo la kanisa la Bulenge. Walikuwa na desturi moja waliyoishika kuliko zote: kila jambo huwekwa nuruni. Ukimwonea mwenzako wivu, unasimama na kusema. Ukichukua kuni za watu, unasimama na kusema. Mwenye siri anahesabiwa kuwa mgonjwa. Kiongozi wao alikuwa Nasanairi, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu mwema, mwepesi wa kuona makosa, yake na ya wengine.

Nguo za magome zilikuwa zimewahi kuwekwa nuruni, na kwa muda mrefu. Wafu wa nchi ile huzikwa ndani yake, hilo linajulikana. Lakini pia waganga huvaa hiyohiyo, huiketia, huitundika kwenye vibanda vya mizimu. Nasanairi alikuwa amesema mara nyingi kwamba mtu aliyeokoka hawezi kupiga nguo asiyojua itaishia wapi. Muyingo alijibu mara moja tu. Aliuliza ni nani aliyeuumba mtutuba, na kama mwalimu aliacha kula ndizi kwa kuwa waganga nao hula ndizi. Watu walicheka, Nasanairi naye akacheka, na tangu siku ile hoja ikafa. Muyingo akawa mfano wao. Mgeni akiuliza kama Mkristo yuko huru au hayuko, walimwonyesha banda.

Kisha akaokoka Perusi Nakitto.

Perusi alikuwa kiti cha pepo kwa miaka kumi na mmoja kwenye kibanda cha mizimu kilicho ng'ambo ya bonde. Pepo wa ziwa ndiye aliyempanda, na alipompanda alizungumza kwa sauti ya mwanamume mzee, akavuta kiko, na watu walitoka mbali kuja kumuuliza habari za watoto waliopotea. Aliletwa kwenye ushirika na shangazi yake wakati wa kiangazi, amekonda, na ushirika ukamchomea vitu vyake vyote: kiko, vikapu vya simbi, mkuki mfupi, na mwisho nguo za magome alizokuwa akivaa kwa fundo begani. Eseza alisema zile nguo zilipoungua zilitoa harufu nzuri kuliko vyote, na Perusi alifumba macho.

Baada ya mwezi mmoja alisimama Alhamisi akaweka jambo nuruni. Alisema kule kwenye kibanda, kabla ya ngoma, watunzaji wake walipiga vijiti juu ya gogo ili kumwita pepo. Sasa asubuhi akilisikia gogo la ndugu Muyingo, mikono inaanza kumtetemeka kabla hajajua ameamka. Alisema akiangalia sakafu. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, bila ubaya.

Muyingo hakucheka, ila aliumia. Kwake ilikuwa kama mtu amesema sala yake inanuka. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba yule mama anahitaji kufundishwa, kwamba hofu ikiachwa inaota mizizi, na kwamba atampelekea nguo.

"Baba Misaki, mpe shuka," Eseza akamwambia.

"Shuka itamfundisha nini?"

"Itamfunika. Kwani kufunikwa hakutoshi?"

Alichagua iliyo bora kuliko zote alizokuwa nazo mwaka ule. Alikuwa ameipiga siku tatu kwa nyundo nyembamba, ilikuwa laini kama sikio la ndama. Walikwenda wote wawili. Perusi alipiga magoti akawaamkia, salamu ndefu, habari za shamba, za watoto, za wagonjwa, na muda wote macho yake hayakutoka kwenye kile kilichokunjwa chini ya kwapa la Muyingo. Muyingo akaikunjua mkekani. Akamweleza kwa upole na kwa kirefu, yeye asiyezoea kusema: hili ni gome, mti huo ninaufahamu, upo nyuma ya jiko langu, mwanangu alianguka kutoka kwenye tawi lake akavunja jino. Hakuna mtu ndani yake. Hakuna pepo. Mungu ameliotesha ili watu wasione baridi. Alimwomba aguse. Perusi aligusa. Alimwomba aketi juu yake, na Perusi akaketi, mikono imefumbatwa mapajani.

"Ndugu, wewe umeokoka miaka mingi," alisema. "Ukisema haina kitu, basi haina kitu."

Muyingo aliyasikia maneno yale kama ushindi. Eseza, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliyasikia kama ya mtoto anayemeza dawa kwa kuwa mkubwa amesimama mbele yake. Aliniambia ndilo jambo analolijutia katika habari hii yote, kwamba siku ile alinyamaza kwa heshima.

Perusi alilalia ile nguo. Asubuhi gogo liliposikika hakukimbia, alikaa juu yake akitetemeka na kujilazimisha, maana ndugu Muyingo alisema. Halafu akaanza kufikiri zaidi, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kama nguo haina kitu, kiko nacho kina nini? Ni udongo tu. Akapata kiko. Kama kiko hakina kitu, zile punje za kahawa zinazotafunwa na kuwekwa kizingitini mwa kibanda cha mizimu zina nini? Ni kahawa, hata walokole huwapa wageni kahawa ya kutafuna. Na kama vyote hivyo ni bure, kuna ubaya gani kuvuka bonde na kuwasalimia wenzake wa zamani, walioishi naye miaka kumi na mmoja na ambao hawakumfanyia baya? Muyingo alikuwa amefungua mlango mmoja akidhani ni dirisha.

Alhamisi ya kwanza hakuonekana. Ya pili pia. Ya tatu Eseza alikwenda kumtafuta, akakuta nyumba wazi na kuku wakila unga sakafuni.

Alirudishwa na shangazi yake baada ya siku nne, ana majivu kwenye paji la uso. Muyingo alikwenda kumwona, akamkuta ameketi juu ya ile nguo, yake mwenyewe, aliyoipiga kwa siku tatu, ameivuta mpaka begani na kuifunga fundo. Alimwamkia. Jibu lilitoka kwa sauti ya mwanamume mzee, likimuuliza ni nani aliyemruhusu kuingia bila zawadi. Kisha ile sauti ikakatika, na Perusi akamtazama kwa macho yake ya kawaida, amechoka, kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali na kukuta hana tena nyumba.

"Nilidhani nimekuwa na nguvu kama zako," alimwambia.

Muyingo alitoka akakaa nje, mgongo ukutani, mpaka mchana ulipogeuka. Watu waliopita walidhani anasubiri mtu. Hakuwa mtu wa machozi. Alipofika nyumbani alimwambia Eseza maneno machache sana: kwamba yeye alikuwa sahihi kuhusu gome, na kwamba kwa usahihi wake amemwangusha mtu ambaye Yesu alimfia.

Kesho yake gogo halikusikika.

Nakumbuka nililala mpaka jua lilipoingia dirishani, nikaamka nikiwa na hofu bila kujua ya nini, kama mtu aliyekuwa ndani ya saa kubwa na saa imesimama. Nilimkuta Muyingo bandani ameketi. Kulikuwa na magome mawili yaliyobanduliwa juzi yake, moja limepigwa nusu. Gome lisipopigwa likiwa bichi linakauka na kuwa gumu, halifai tena hata kuezekea. Aliyaacha yakauke. Aliyatazama yakijikunja pembeni, siku hadi siku. Kwanza alifikiri kulihamisha gogo, akatembea akitafuta mahali, mpaka ng'ambo ya kinamasi, akampeleka kijana wa jirani apige huku yeye akisikiliza kutoka uani kwa Perusi. Sauti ile ilivuka maji vizuri kuliko ilivyovuka migomba. Akarudi, akazifunga nyundo zake tatu kwa kamba ya mgomba, akaziweka darini.

Eseza na akina mama wa ushirika walikwenda kwa Perusi kwa zamu. Hawakumhubiria. Walichambua maharage pamoja naye, walimpikia, walimlaza, walimwosha miguu. Ile nguo Eseza aliikunja akaondoka nayo bila kuuliza, na mahali pake akaacha shuka. Haikuwa miujiza. Ila asubuhi zilikuwa kimya, mwanamke yule alilala, na aliyelala vizuri mwezi mzima anaanza kuona kilicho mbele yake. Kiko alikitupa mwenyewe chooni. Kufika majira ya kuvuna kahawa alikuwa amerudi kanisani, kwenye benchi la karibu na mlango.

Hakujua kwa nini gogo limenyamaza. Muyingo alikuwa amemkataza mkewe kumwambia. Alisema mtu asibebeshwe deni juu ya ugonjwa.

Na hapo ndipo kijiji kilipomgeukia. Muuza pombe wa njiapanda alimwita kwa sauti kila alipopita, akimuuliza kama walokole sasa wamemnyang'anya na nyundo, bado suruali tu. Hilo Muyingo alilimudu. Kigumu kilikuwa Nasanairi, aliyekuja nyumbani ana furaha, akamkumbatia, akasema alikuwa akiomba kwa miaka ili Bwana amwonyeshe ndugu yake ubaya wa nguo zile, na kwamba Alhamisi ushirika mzima unamsubiri asimame na kuungama.

Muyingo alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Akiungama kwamba magome ni dhambi, atakuwa amesema uongo, na amewafunga watu wengine kamba ambayo Mungu hakuwafunga. Akieleza kisa chenyewe, Perusi yuko pale, karibu na mlango, na watu wote watageuka kumtazama.

Alhamisi alisimama katika koti lake la kijivu.

"Ndugu zangu, sikuonyeshwa dhambi yoyote katika gome. Nimeacha kupiga. Naomba msiniulize sababu."

Katika watu wale, hakuna aliyewahi kuomba asiulizwe. Nasanairi alivua miwani. Alimkumbusha kwa huzuni ya kweli kwamba nuru haina pembe ya kufichia kitu. Muyingo akasema anajua. Wakamwomba tena, akakataa tena. Basi wakafanya walivyozoea kumfanyia mwenye siri: hakupewa tena kuongoza sala, na aliposhika mkono wa mtu kumsalimu aliitikiwa bila kukumbatiwa. Aliendelea kuja. Alikaa nyuma. Mikono yake, isiyo na kazi iliyoizoea, ilianza kuvimba vifundoni, na mchana akipitiwa na usingizi kwenye kiti, kiganja cha kulia kilikuwa kikiinuka na kushuka juu ya paja, polepole, akipiga gome ambalo halikuwepo. Nimeliona hilo mara nyingi. Uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu mwenye furaha.

Ilipita hivyo karibu mwaka. Kisha siku moja, mvua zikiwa zimeanza na mitutuba imejaa utomvu, Perusi alikuja peke yake. Tulikuwa nyuma ya jiko na Eseza. Muyingo alikuwa akipalilia maharage. Perusi alipiga magoti mbele ya Muyingo, pale pale kwenye udongo uliolowa, akakatisha salamu katikati, jambo ambalo mtu wa pale halifanyi.

"Bado wanasema una dhambi unayoificha."

"Ninazo kadhaa," Muyingo akasema. "Hiyo wanayoitafuta sina."

"Ulinyamazisha gogo kwa ajili yangu?"

Nilimwona akitafuta njia ya kupita. Lakini hakuwa amewahi kumdanganya mtu wa ushirika, na hakujua jinsi ya kuanza.

"Ndiyo, dada."

Mvua nyepesi ilikuwa ikishuka bila kelele, ile isiyolowesha mtu bali inayokifanya kila kitu kionekane kiko mbali. Nilidhani atalia, au atamwambia aende darini sasa hivi akachukue nyundo zake. Nafikiri Muyingo naye alidhani hivyo, maana alikuwa amesimama wima kama anayesubiri kuitwa.

"Unataka kuanza tena?"

"Nataka. Kila asubuhi."

Perusi alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Usianze," alisema. "Nisamehe, ndugu. Bado naisikia sauti yake."

"Basi," Muyingo akasema, akainama tena kwenye maharage. Baada ya kitambo Perusi akashika jembe la Eseza lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaanza mstari wa pembeni, na walipalilia mpaka mwisho wa shamba.

Alhamisi iliyofuata Perusi alisimama mlangoni. Alisema, "Ndugu Muyingo hana siri. Siri ni mimi. Sauti ya gogo lake hunivuta kurudi nilikotoka, naye aliacha kazi ya baba zake ili nilale. Yeye ana nguvu, mimi sina. Mkitaka kumnyima mtu kukumbatiwa, ninyimeni mimi." Alisema yote bila kuangalia sakafu. Kisha akaketi.

Nasanairi alihangaika na uzi wa miwani yake. Kisha alimuuliza ndugu Muyingo kama ana neno.

Muyingo hakusimama. Alisema hana, na kwamba mvua inakaribia, waendelee na maombi watu wapate kuanua kahawa zao.